Kabaridi Chini ya Nyumba ya Baba

Mdogo wangu mpendwa,

Unisamehe ukimya wa miaka minne. Sitasingizia ugonjwa, wala posta, wala uzee. Barua yako ya mwisho kutoka Kasaji ilinifikia salama, mikononi mwa dereva uliyemtuma. Uliniomba niiache nyumba ya baba nikaishi nanyi huko, kwa kuwa Kolwezi sasa inachimbwa mpaka chini ya vitanda vya watu. Nami nilichukua kalamu nyekundu, nikasahihisha makosa yako kumi na moja, nikaikunja barua ileile na kukurudishia bila kuongeza neno langu hata moja. Nilidhani nimekujibu. Baadaye niliposikia kwamba uliifungua mbele ya mkeo na wanao, ukaitia mfukoni na kwenda shambani bila kusema kitu, niliona haya. Haya hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa ukimya.

Leo ninauvunja kwa sababu ninaogopa. Ninaandika saa nne asubuhi. Jua limewaka, redio ya jirani inaimba, na miguu yangu nimeipandisha juu ya kigoda ili isiguse sakafu. Nimetafuta mtu ambaye nikimweleza jambo hili hatanicheka wala hatanipeleka kwa daktari, nikaona ni wewe tu. Wewe unamjua. Ulimzaa wewe, mimi nikamlea. Ninasema juu ya Kabaridi.

Je, unakumbuka alivyokuja kwetu? Baba alikuwa karani wa chumba cha baridi katika kantini ya wafanyakazi wa reli. Mara mojamoja, siku ya Jumamosi, alirudi na bonge la barafu ndani ya gunia, limefunikwa kwa unga wa mbao lisiyeyuke njiani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, wewe minane. Siku ile aliliweka juu ya jiwe la kufulia, akatuita sisi wanawe.

"Bana, mutege masikio. Barafu iko inasema."

Tuliinama, sikio langu upande huu na lako upande ule. Tulisikia: ta. Kisha kimya. Kisha ta, ta. Baba alieleza kwamba joto linaipasua barafu kutoka ndani. Mimi nilikubali, kwa sababu maelezo yalikuwa sahihi. Wewe ulijiondoa polepole, ukilisugua sikio lililokufa ganzi.

"Hapana, Tata. Kuko mutu mule ndani. Eko anapiga mulango."

"Basi umuambie aingie," baba akasema, akielekeza kidole kwenye ugali wa mama. "Bukari iko tayari."

"Hawezi. Eko anaogopa jiko."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake nilikuletea atlasi ya shule, nikakuonyesha ncha ya dunia, ile sehemu nyeupe juu kabisa ya ukurasa isiyo na jina la mji wala mstari wa reli. Uliweka kidole hapo na kusema kwamba ndiko kwao: "Kule njo kwabo." Ukampa jina siku hiyohiyo: Kabaridi.

Tangu hapo tulimtengeneza kiungo kwa kiungo. Ulisema ni mrefu kama behewa la mizigo. Nilikujibu kwamba mnyama mrefu hivyo hawezi kuelea chini ya barafu akiwa na mifupa mizito, kwa hiyo tukampa mifupa yenye matundu kama mkate. Ulitaka awe na macho mekundu. Nilikukatalia: kule giza huchukua miezi mingi, macho ni ya nini? Tukamwondolea macho, na badala yake tukampa kidevu kipana, bapa, laini kama unyayo wa mtoto mchanga. Kidevu hicho hukibandika kwenye barafu kutoka chini apate kusikia. Husikia sili akigeuka usingizini, husikia dubu akijikuna, na mtu akipita juu yake hujua uzito wake, umri wake, na kama amebeba kitu. Hana matamvua, maana mwaka ule nilikuwa nimefundishwa habari za nyangumi. Ana pafu moja tu, lililokunjwa kama mkeka, na akilijaza mara moja humtosha mwezi mzima. Ndiyo sababu hahitaji matundu mengi ya kupumulia. Analo moja. Hulichonga kwa meno na kulilinda, na hewa inayotoka humo ni ya vuguvugu, yenye harufu ya matope.

Tulipofika kwenye chakula ndipo uliponitisha. Nilisema atakula samaki. Ulitikisa kichwa.

"Anakulaka moto."

Ukanieleza, kwa utulivu ambao hata sasa sijui uliutoa wapi, kwamba Kabaridi hali nyama, hula joto. Hukaa chini ya mtu aliyelala na kulinyonya joto lake taratibu, kupitia barafu. Asubuhi mtu huyo huonekana mzima: hana jeraha wala damu, ila ni baridi. Tena hana haraka. Hapigi barafu akaivunja. Huikwangua kutoka chini, siku baada ya siku, mpaka inakuwa nyembamba kama sahani, kisha husubiri. Nilikuuliza kama ana hasira na watu. Ulifikiri, ukasema hapana, hajui hata kwamba tupo. Mimi niliyekuwa nikimwongezea viungo kwa ushujaa niliacha kuandika hapo. Mnyama mwenye hasira unaweza kumwomba msamaha.

Ulipofika mwezi wa sita, umande ukaganda bondeni na majani yakawa meupe, uliamua kwamba amefuata baridi mpaka kwetu. Sakafu yetu ya saruji, aliyokuwa akiipaka mama nta nyekundu, ikawa barafu yake. Tulikubaliana kuikanyaga kwa visigino tu, ili asitujue. Mama alituona tukitoka chumbani hivyo, akasimama na ufagio wake.

"Nani alibafundisha kutembea kama kuku iko na mwiba mu muguu?"

Tuliendelea na visigino vyetu. Ungemjibu vipi mama kwamba tunawaokoa yeye na baba?

Mwisho wa mchezo ule niliufanya mimi, na ndio ninaoukumbuka zaidi sasa. Nilichoka na woga wako, na zaidi nilichoka na woga wangu. Asubuhi moja nilichukua matambara, nikayashindilia kwenye tundu la kutolea maji bafuni, lile ulilosema ndilo lake la kupumulia. Nikakutangazia, "Tundu limezibwa. Mnyama asiyepumua hufa. Basi." Nilitegemea utafurahi. Ulilia kama mtu aliyefiwa, ukinidai mimi dada yako hewa ya mnyama huyo.

"Hata kama eko mubaya, Yaya, eko na mupepe yake!"

Maji yalipofurika hadi kwenye ukumbi, mama aliuliza ni nani. Nilisema matambara yalianguka yenyewe. Wewe ulijua, ukanyamaza. Nilikuwa mkubwa, nilikuwa wa kwanza darasani, nikakuacha usimame pale na uso uliolowa huku mimi nikiwa mkavu.

Sasa nikueleze ya mwaka huu.

Mtaa wetu hungeutambua. Mtu akiona udongo mweusi wenye uzito, ule wa kobalti, shambani pake, hajengi tena wala halimi. Anazungusha ua wa turubai na kuwaambia majirani kwamba anachimba choo. Kila mtu anajua maana yake, na kila mtu hupokea jibu hilo kwa heshima, kama tunavyopokea salamu. Nimehesabu vyoo vipya tisa kutoka kwetu hadi kanisani. Jirani yetu Mama Odile, mjane yule anayeuza maandazi, alizungusha turubai lake baada ya Pasaka. Nilikwenda kumwona.

"Ni choo tu, Mama Mwalimu. Ile ya zamani ilijaa."

"Choo cha namna gani kinachohitaji feni?" nikamuuliza, maana nilikuwa nikiisikia ikivuma.

"Ee Mama! Bajukulu bangu, hauyue namna banakulaka?"

Wanawake waliokuwa wakinunua maandazi waliucheka mzaha huo wa wajukuu walafi, nami nikarudi nyumbani nikiwa nimenyooka. Ndivyo nilivyo. Sikucheka nao, wala sikuuliza tena.

Wiki chache baadaye, nilipokuwa nimeketi baada ya chakula cha mchana, kijiko kilitetemeka ndani ya glasi. Hapakuwa na lori barabarani. Nilikitazama mpaka kikatulia. Siku iliyofuata kikatetemeka tena, saa ileile, kisha nikasikia sauti ya kukwangua. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anayesafisha sufuria ya mtu mwingine, kwa uangalifu, asiichubue. Nilijua kabisa kwamba ni wachimbaji. Mimi si mjinga. Lakini akili ilipojua, mwili haukujua. Miguu yangu iliinuka yenyewe, vidole juu, nami nikajikuta nimesimama kwa visigino katikati ya nyumba ya baba, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, nikishikilia meza.

Ufa ulianza kwenye ukuta wa chumba cha wazazi wetu. Niliubandika ukanda wa karatasi kwa uji wa muhogo, nikaandika tarehe, kama fundi mmoja alivyonifundisha: karatasi ikichanika, ukuta unatembea. Ilichanika siku ya tano. Nikabandika nyingine. Usiku nililala vizuri, utashangaa. Mchana ndio ulioniua, kwa sababu mchana ndipo walipofanya kazi. Niliacha kupokea wanafunzi wangu wa masomo ya ziada. Niliacha kupika vyakula vya kukaanga, kwa kuwa kelele ya mafuta ilinizuia kusikia. Nilitembea kidogo sana, nikitanguliza fimbo yangu, nikisimama kila hatua mbili kutega sikio.

Ndipo Jumamosi ya wiki iliyopita, asubuhi, nilipotoka nyuma ya jiko kumwaga maji, nikaliona tundu.

Lilikuwa na upana wa sahani, karibu na jiwe la kufulia, mahali ambapo jana yake palikuwa udongo mtupu. Kingo zake zilikuwa zimeanguka kwa ndani. Ilikuwa baridi kali, pumzi yangu niliiona mbele ya uso wangu. Na kutoka tunduni pia ilikuwa ikitoka pumzi. Niliinama. Ilikuwa ya vuguvugu, yenye harufu ya matope.

Nitakuandikia ukweli kama ulivyo. Sikufikiri "wachimbaji". Nilifikiri kitu kimoja tu: limezibwa, basi. Nilikuwa na bamba la zege lililobaki tulipotengeneza ngazi. Nililisukuma kwa fimbo na kwa magoti mpaka likalifunika tundu, nikaburuta pipa tupu juu yake, nikalijaza maji ndoo kwa ndoo. Hata nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu sikuwahi kufanya kazi kwa bidii kama ile. Kisha nilinawa mikono, nikavaa kitambaa changu kizuri, nikapanda pikipiki ya abiria kwenda soko la Manika kununua unga na sabuni. Nilikuwa mwepesi. Nilimwambia kijana wa pikipiki apunguze mwendo, naye akaniambia, "Mama, hii ni pikipiki, hapana maziko." Nikacheka! Ndiyo, mimi. Nilicheka njia nzima.

Nilirudi saa nane. Nyumba ilikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Niliketi, nikavua viatu, nikaweka unyayo wote juu ya sakafu.

Sakafu iligongwa.

Ilikuwa chini yangu hasa, chini ya kiti. Tulipokuwa watoto tulisema Kabaridi humfundisha mtoto wake kugonga, mara mbili kwa kusema yupo, mara tatu kwa kusema amekosa pumzi. Nilihesabu. Hayakuwa mawili wala matatu. Yalikuwa mapigo ya mtu asiyehesabu tena, mengi, ya haraka, kisha moja, kisha hakuna, kisha mengi.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, kwa sababu bado sijamwambia padri. Nilielewa. Palepale nilielewa ni nini nilichofunika asubuhi. Wala sikuinuka. Nilitoa rozari yangu na kuketi nayo. Nilijiambia kwamba wako chini ya nyumba isiyo yao. Kwamba hawakuniomba ruhusa. Kwamba wana shimo lao kwa Mama Odile, watoke huko. Kwamba nikienda kufungua, kitu kitanishika mkono. Ndiyo, hilo pia nilijiambia. Nilimaliza mafungu mawili ya rozari, mdogo wangu. Mafungu mawili mazima, na matamshi yangu yalikuwa safi. Nilipoanza la tatu, kugonga kulikuwa kumepungua, na niliisikia sauti yako ya miaka minane ikisema yale maneno juu ya hewa yake.

Pipa halikusogea. Nililikumbatia, nikaliinamisha, maji yote yakanimwagikia miguuni, baridi yake ikanikata pumzi. Bamba lilikataa. Nilichukua jembe nikalipenyeza ukingoni, nikaukalia mpini kwa uzito wangu wote. Liliinuka kiasi cha kiganja. Sauti ikatoka chini ya ardhi, kana kwamba ardhi ndiyo iliyokuwa na koo.

"Acha wazi! Mama, acha wazi! Mupepe!"

Nilibaki juu ya mpini ule sijui kwa muda gani, nikiogopa kuutazama ule mwanya. Niliwasikia wakikohoa, wakiburutana, wakiitana, "Ilunga! Ilunga, amuka!" Kisha sauti zao zikaenda upande wa kwa Mama Odile, nami nikazifuata kwa juu, peku, mpaka uani kwake. Yeye alikuwa msibani. Wajukuu wake walikuwa wamesimama kwenye mdomo wa shimo na kamba mkononi, wakilia.

Walitoka watatu, mmoja amefungwa mgongoni mwa mwenzake kwa kamba. Huyo ndiye Ilunga. Walimlaza juu ya turubai. Hakuwa na jeraha wala tone la damu. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi. Unajua nilichokiona nilipoushika ule mkono. Sihitaji kukuandikia. Niliusugua. Niliuingiza ndani ya nguo yangu, kwapani, kama mama alivyotufanyia, nikamsugua kifua na kumwita kwa jina, kwa sauti ninayotumia darasani, mpaka akafumbua jicho moja na kutapika.

Kiongozi wao anaitwa Kapenda. Ni mwanamume wa miaka thelathini hivi, mfupi, mwenye mabega ya mtu wa kwenda kwa magoti. Alikaa chini, akanywa maji, akanieleza kwamba feni yao iliharibika siku ya Alhamisi, wakatoboa lile tundu ili wapate hewa. Ilipokatika, Ilunga alikuwa wa nyuma. Alizimia penye njia nyembamba, akawazibia wenzake njia ya kurudi. Wakabaki kugonga juu. Kisha akanitazama.

"Mama, ni weye njo ulifunga?"

"Ni mimi."

"Juu ya nini?"

Ningeweza kumpa sababu, kwamba nilidhani ni shimo la panya. Neno lilifika hadi kwenye meno. Nikasema, "Niliogopa."

Nilitegemea matusi. Alimgeukia mwenzake, nao wakaanza kucheka, kicheko kibaya cha watu ambao bado hawajapata pumzi.

"Weye? Ni shiye, batu ba chini, njo tunaogopaka! Kule chini tunasikia kintu iko natembea juu yetu. To, to, inasimama. Inatega masikio. To, to, inasimama tena. Ilunga anasema, nyamazeni, iko natusikia! Tunazima na tochi. Hata jina tuliipatia."

"Jina gani?"

Walitazamana.

"Sema tu," nikamwambia.

"Pardon, Mama. Nyama ya Juu."

Mnyama wa Juu. Nilisimama uani kwa Mama Odile, maji yakinichuruzika, na sikuwa na la kusahihisha.

Sasa ndivyo mambo yalivyo. Njia yao imepita chini ya jiko letu na chumba cha wazazi, na mshipa wa madini unaelekea chini ya ukumbi. Kapenda alinieleza waziwazi, kwa adabu. Wakiendelea, nyumba haitasimama mwaka huu wote. Nikihama, watachimba kwa haraka, pamoja na wengine watakaokuja, kwa kuwa hakutakuwa na mtu juu wa kuogopwa. Na ukuta utakapoanguka nisipokuwepo, utawaangukia wao. Nikibaki, tunaangukiana. Nikienda kushtaki, wataletwa watu wa kuziba mashimo, na mashimo yakizibwa hakuna anayeuliza kwanza kama ndani kuna mtu. Najua jinsi inavyokuwa rahisi. Najua hata jinsi mtu anavyocheka kwenye pikipiki baadaye.

Aliponiaga, Kapenda alisema jambo ambalo sikulitegemea. "Hatutachimba mpaka useme, Mama Mwalimu. Tutakungoya mpaka lundi ya juma ingine. Mama yangu ulimufundisha kusoma. Anasemaka mikono ingali inamuuma na rula yako." Sijui kama ilikuwa heshima au tusi. Lakini wametimiza. Tangu Jumamosi ile hawajashuka. Wanaketi nje ya ua wa Mama Odile, wamekunja mikono, na najua kwamba kila siku wanayoketi pale ni siku ambayo nyumbani kwao, Kongolo na kwingineko, mtu anasubiri. Ilunga hujiviringisha blanketi hata jua likiwa kali. Nikipita huinuka na kusema, "Jambo, Mama." Hanitazami usoni.

Ungedhani kwamba nimepata amani, kwa kuwa kimya kimerudi. Jana mchana nilikwenda kutazama ufa. Ukanda niliobandika Jumapili iliyopita umechanika katikati. Hakuna anayechimba, na ukuta unatembea. Niliweka kiganja ukutani, nikakiondoa upesi. Sijui kama ni ardhi inayotulia au kama kuna wengine, kutoka upande mwingine, ambao hawakunipa ahadi yoyote na hawajui hata kwamba nipo. Tangu jana ninakula kwenye kigoda karibu na mlango, na mlango uko wazi.

Umekuwa ukinisoma, naamini, ukitafuta ninachoomba. Sikuombi ushauri. Ulishanipa miaka minne iliyopita, na makosa kumi na moja hayakuufanya kuwa wa uongo. Naomba unisamehe ile barua, na yale matambara pia, kwa kuwa sikuwahi kukuomba. Naomba ujue kwamba dada yako, aliyekufundisha kuhesabu, ana hofu kubwa kuliko alivyopata kuwa nayo, na kwamba hofu yenyewe ina sura mbili: naogopa kilicho chini yangu, na tangu Jumamosi ninajiogopa mimi niliye juu yake.

Lundi yao ni kesho: Kapenda atabisha hodi Jumatatu asubuhi. Bado sijui nitamjibu nini. Nitakapokuwa nimeamua, nitakuandikia siku hiyohiyo, kabla ya kumwambia mtu mwingine katika mtaa huu. Mpaka hapo, tafadhali usinitumie jibu, wala usimtume dereva. Nikiona mwandiko wako ukisema "njoo", nitakuja mbio bila hata kufunga mlango. Nami nataka nikija niwe nimeamua, nisiwe nimekimbia.

Wako katika hofu na mapenzi,

Dada yako mkubwa